Kabla ya Kutafsiri, Onyesha Ulichokiona

Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wanaoanza masomo ya sanaa na fasihi, na ushauri ninaourudia kuliko mwingine wowote ni huu: kila dai unaloliandika lionyeshe limesimama juu ya nini. Uwe unachambua mchoro usio na umbo la mtu wala mti, mhusika wa tamthilia, au hoja ya mtaalamu, msomaji ana haki ya kukuuliza umejuaje, na jibu linapaswa kuwa limo tayari ndani ya aya yako.

Sanaa dhahania, yaani ile isiyochora vitu vinavyotambulika, ndiyo inayowatia wengi hofu, na hofu hiyo huwafanya wakimbilie maana: nyekundu ni damu, nyeusi ni msiba, mistari ni gereza. Huko ni kubahatisha. Chukua mchoro wa Piet Mondrian wa mwaka 1930 wenye rangi nyekundu, buluu na njano, ambao ni mraba wa sentimita 46 kila upande. Eleza kwanza kilichopo: nyekundu imetwaa sehemu kubwa ya turubai upande wa juu kulia, buluu imewekwa kwenye kona ya chini kushoto, njano imeachiwa kipande kidogo tu chini kulia, na mistari myeusi inayozitenganisha haina unene mmoja. Ukishayaona hayo, swali zuri litajitokeza lenyewe: kwa nini mchoro hauelemei upande mmoja ilhali nyekundu imezizidi rangi nyingine kwa mbali? Sasa unaweza kujadili jinsi nafasi nyeupe, ukolezi wa buluu na uzito wa mistari unavyoleta mizani bila pande mbili kufanana. Kwamba Mondrian alijiwekea mipaka kwa makusudi, akabaki na mistari ya wima na ya mlalo, rangi tatu za msingi, nyeupe, nyeusi na kijivu, ni jambo la kulitaja baada ya hapo. Historia ikitangulia macho, insha hugeuka kuwa wasifu wa mchoraji.

Kwa mhusika njia ni hiyohiyo, ila ushahidi wake umetawanyika katika kauli zake, matendo yake, maneno ya wengine juu yake na hata yale anayoyanyamazia. Nasikitika kila ninapokuta orodha ya sifa, kwamba ni jasiri, ni mkarimu, ana busara, bila tukio hata moja la kuzithibitisha. Katika tamthilia ya *Othello* ya Shakespeare, wahusika kadhaa humsifu kwa uaminifu Iago, askari anayemhadaa kwa siri mkuu wake Othello. Mwanafunzi asiyezilinganisha sifa hizo na yale ambayo Iago huyasema akiwa peke yake jukwaani atadanganyika kama Othello mwenyewe. Vivyo hivyo, usimwite mhusika bapa (aliyejengwa juu ya sifa moja tu) au duara (mwenye sura nyingi kama mtu halisi) kwa mazoea tu. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyeeleza tofauti hiyo mwaka 1927, alipima uduara kwa uwezo wa mhusika kutushangaza kwa namna inayosadikika; basi taja ni katika tukio gani ametushangaza.

Kuhusu vyanzo, mitindo ya kuvitaja ndani ya insha, kama APA na MLA, haina ugumu: APA hutaka jina la ukoo la mwandishi na mwaka, MLA hutaka jina na ukurasa. Fuata ule unaotakiwa na idara yako, wala usiichanganye. Lililo zito zaidi ni kwamba kueleza hoja ya mtu kwa maneno yako mwenyewe hakukuondolei wajibu wa kumtaja, na kubadili maneno mawili matatu huku muundo wa sentensi ukibaki vilevile ni wizi wa maandishi. Mimi huweka alama za nukuu palepale ninaponakili, naandika namba ya ukurasa pembeni, kisha mawazo yangu nayaandika kwa wino wa rangi nyingine ili yasichanganyike na ya mwandishi.

Mchoro nao ni chanzo. Taja mchoraji, jina la kazi, mwaka, mahali inapohifadhiwa, na kama uliutazama kwenye intaneti, taja pia tovuti yenyewe, kwa kuwa rangi unazozichambua ni zile zilizoonekana kwenye skrini yako.