Kabla ya kuigawa 4294967297, tazama ilivyojengwa

Nikiwa kidato cha tano, mwalimu aliandika 4294967297 ubaoni akatuambia tumletee vigawo vyake Jumatatu. Nilishinda nayo Jumamosi nzima. Inaishia na 7, basi 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi na 3 haiigawi. Ukiigawa kwa 7 inabaki 5. Nikaendelea na 11, 13, 17, tasa baada ya tasa (namba zinazogawika kwa 1 na kwa zenyewe tu), mpaka 211. Mkono unauma, daftari limejaa. Nikaandika: "Hii ni namba tasa."

Nilikosea. Kigawo chake cha kwanza ni 641, ambayo ni namba tasa ya 116, nami niliishia kwenye ya 47.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayejiandaa kwa mtihani au unayefundisha: namba kubwa ikikujia, iulize kwanza imetoka wapi. Hii ni 2³² + 1. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliona kuwa 3, 5, 17, 257 na 65537, zote za ukoo huo (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ongeza 1), ni tasa, akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata ndiyo hii yetu. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja: 641 × 6700417.

Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo, ukianzia chini, ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu! Kazi ya Jumamosi yangu yote ingeisha kwa nusu saa.

Na hata kugawa si lazima. Chukua kalamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Tukihesabu mabaki ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, kwa kuwa 640 imepungukiwa 1 tu kufika 641. Pandisha pande zote kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Mistari minne, hakuna tarakimu kumi za kuhangaika nazo. Wanafunzi wangu nawaandikisha hii kwa mkono, polepole, kabla hawajagusa kikokotoo.

Ukishaielewa, panda ngazi moja: 2⁶⁴ + 1, yaani 18446744073709551617. Kigawo chake kidogo ni 274177. Kitoe 1, kisha kigawe kwa 128 (kwenye ngazi hii 64 ya Euler inakuwa 128) uone kinachobaki.