Kulala Sakafuni Njiani Kuelekea Namugongo

Kuanzia mwezi wa Aprili huwa napigiwa simu na waamini wa parokia yetu wanaotaka kutembea kwa mara ya kwanza kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, na karibu wote huniuliza mambo mawili tu: wavae viatu gani, na kwa siku tunatembea kilomita ngapi. Hayo ni maswali ya haki. Hata hivyo, nimeifanya hija hiyo kwa miguu mara tatu, na kati ya wenzetu niliowaona wakipanda matatu na kurudi nyumbani safari ikiwa katikati, ni wachache walioshindwa na barabara. Wengi walishindwa na usiku. Mtu hutembea kilomita 30 leo, akalala saa mbili za mang'amung'amu, kesho akatembea 30 nyingine akiwa na usingizi machoni, na ifikapo siku ya tatu hata lengelenge dogo kwenye kisigino huwa msiba.

Njia yetu hupita Bugiri, Iganga na Jinja, huvuka Mto Naili, kisha huendelea hadi Lugazi na Mukono kabla ya kuingia Namugongo. Jumla ni kiasi cha kilomita 190, ambazo sisi huzitembea kwa siku saba, huku pikapu ya parokia ikitubebea mizigo. Malazi ni madarasa ya shule, kumbi za parokia, baraza za makanisa, na mara chache sana sebule ya muumini aliyetuhurumia. Watoto wakiwa bado likizoni, madarasa huwa yetu mpaka asubuhi; muhula ukiwa umeanza, tunakabidhiwa jioni na tunatakiwa kuyaacha yakiwa yamefagiliwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajatokeza getini. Godoro halipo, na wala usilitarajie.

Usiku wangu wa kwanza, mwaka 2019, ulikuwa katika darasa ambalo ubao wake bado ulikuwa na hesabu za kuzidisha zilizoandikwa kwa chaki. Nilifika nimechoka kiasi kwamba nilitandika leso moja juu ya saruji, nikajifunika blanketi langu zito, nikalala na soksi zangu za safarini miguuni. Saa nane usiku niliamshwa na maumivu ya nyonga. Saruji ilikuwa imeninyonya joto lote la ubavu, na blanketi lililokuwa juu yangu halikuwa likinisaidia chochote, kwa kuwa baridi ilikuwa ikitoka chini. Hatua chache kutoka kwangu alilala mzee mmoja wa kigango chetu, mtu wa miaka sabini na ushei, akikoroma kwa raha zake. Alfajiri nilipomwona akikunja vitu vyake ndipo nilipoielewa siri: alikuwa na vipande viwili vya boksi la sabuni, kila kimoja kikubwa kama gazeti lililofunuliwa.

Nikamuuliza, "Mzee, hivyo vinakutosha mwili mzima?"

"Mwanangu," akanijibu, "mwili haulali wote. Kinacholala ni bega na nyonga. Hivyo viwili ukivitunza, miguu itajitafutia yenyewe."

Tangu siku ile sijawahi kulala tena juu ya saruji tupu. Duka lolote la njiani litakupa boksi bila malipo ukiomba kwa adabu, nawe huna haja ya kulibeba kesho yake, maana utapata jingine. Juu ya boksi weka mkeka mwepesi au gunia safi, na blanketi ulikunje mara mbili ulilalie badala ya kujifunika. Cha kujifunika, leso mbili na sweta vitatosha kwa sehemu kubwa ya njia hii. Mto usiubebe. Nguo za kesho ukizitia ndani ya mfuko wa fulana utapata mto mzuri kuliko ule wa nyumbani, na zaidi ya hayo nguo zenyewe hazitaibwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, na ambalo watu hulipuuza kwa sababu ya uchovu, ni saa moja ya kwanza baada ya kufika. Ukifika ukajitupa chini, umekwisha: utaamka giza limeingia, maji yameisha, pembe zote nzuri za darasa zimechukuliwa, na kilichobaki ni nafasi ya mlangoni ambapo kila anayekwenda chooni atakukanyaga. Mimi hufika, nikatua mzigo, nikachagua mahali kabla hata ya kunywa maji. Mahali pazuri ni kando ya ukuta wa ndani, mbali na mlango na mbali na dirisha lenye kioo kilichovunjika, kwa maana Mei ni mwezi wa mvua na mvua ya Busoga, eneo la mashariki mwa Uganda tunalolipita, hupiga kwa ubavu. Tazama juu pia: bati lenye tundu huonekana vizuri jua likiwa bado linawaka, kwa sababu mwanga hupenya hapo kama sarafu, lakini usiku utaligundua kwa njia nyingine.

Baada ya hapo ni miguu. Ioshe kwa sabuni, ikaushe mpaka katikati ya vidole, kisha ikae wazi ndani ya kandambili mpaka wakati wa kulala. Lengelenge dogo liache lilivyo. Kubwa linalokuzuia kukanyaga litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, ulikamue taratibu, wala usiichune ngozi yake. Soksi za kulalia ziwe kavu na ziwe za kulalia tu. Nimeshuhudia kijana mwenye nguvu za kubeba msalaba wa msafara kutoka Bugiri hadi Iganga akishindwa kuendelea kwa sababu alilala siku mbili mfululizo na soksi zenye majimaji.

Kuhusu kuoga, utapata nusu ya mtungi wa lita 20, pengine pungufu, na bafu litakuwa mabati manne yasiyo na paa. Nusu mtungi inatosha kabisa ukiwa na kikombe. Anza na kichwa, malizia na miguu, na usikubali kuoga usiku wa manane eti foleni imepungua, kwani utalala na nywele mbichi. Mkifika Jinja mtaliona Ziwa Viktoria limetulia na mtatamani kujitosa. Msijaribu. Maji ya ziwa hilo yana kichocho, na mdudu wake huingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Choo sina mengi ya kusema juu yake: nenda kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nenda na tochi, nenda na karatasi yako mwenyewe.

Sasa nije kwa kunguni, ambao ndio huogopwa zaidi na ambao mimi niliwapata mahali ambapo sikuwatarajia. Katika safari yangu ya pili, mwaka 2022, tulipokaribia kuvuka Naili nilijiona nimeteseka vya kutosha, nikawaacha wenzangu katika ukumbi wa parokia na kwenda kulipia chumba katika gesti moja ya mjini, yenye shuka nyeupe na feni ya darini. Niliwahurumia waliobaki sakafuni. Usiku wa saa saba niliamka nikijikuna shingo, nikawasha tochi, nikainua pembe ya godoro: katika mshono walikuwa wamejipanga kama mbegu za tikiti maji, na vidoa vyeusi vya kinyesi chao vilikuwa vimetapakaa ubaoni. Asubuhi nilijiunga na msafara nikiwa na mistari ya vipele mikononi, nikawakuta walalao saruji wamelala salama salimini. Kunguni hupenda mshono wa godoro na ufa wa kitanda cha mbao. Darasa lililo tupu, lisilo na godoro, huwa halina cha kumficha. Tangu hapo, kila ninapopewa godoro, iwe kwa kulipia au kwa hisani, kwanza huinua pembe zote nne na kuzimulika. Nikiona vidoa vyeusi, hushukuru kwa ukarimu na kutandika boksi langu. Begi nalo silitui chini wala kitandani. Hulitundika kwenye msumari au kulifunga ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki.

Hata hivyo, kunguni ni kero tu. Hajulikani kueneza maradhi. Anayestahili kuogopwa kweli ni mbu, kwa kuwa Busoga ni eneo lenye malaria nyingi na madirisha ya madarasa hayana wavu. Chandarua cha kamba moja hubebeka kirahisi kuliko watu wanavyodhani, na madawati mawili yakisimamishwa wima hukupa mahali pa kukifunga. Kama huna, basi mafuta ya kufukuza mbu na mikono mirefu tangu jua linapozama. Na ukipatwa na homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, usiiite uchovu wa safari. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari kwamba ulilala Uganda.

Kelele hazina dawa kamili. Watu 60 katika darasa moja watakohoa, watakoroma, wataota kwa sauti, na daima yupo mmoja ambaye simu yake hulia saa tisa usiku kwa wimbo wa kwaya ilhali yeye mwenyewe hasikii. Pamba masikioni husaidia nusu. Nusu nyingine, naamini, ni kuacha kupigana. Nilipokuwa nikilala nikihesabu mikoromo kwa hasira, sikulala kabisa. Nilipoanza kuikubali kama ninavyoikubali mvua juu ya bati, nikaanza kupata usingizi wa vipande vipande, nao vipande vikijumlishwa hutosha kutembea.

Kuna wanaosema kwamba kuhangaikia malazi ni kukosa roho ya hija. Kila mwaka yupo kiongozi atakayewakumbusha wanaolalamika kwamba Karoli Lwanga na wenzake, baada ya kuhukumiwa Munyonyo na kutembezwa hadi Namugongo, walikaa wamefungwa kwa siku kadhaa kabla ya kuchomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, tarehe 3 Juni 1886, na kwamba sisi tunaona saruji ni ngumu. Maneno hayo ni ya kweli, na huwa yananinyamazisha. Lakini sikubaliani na matumizi yake. Mashahidi wale hawakuchagua pa kulala. Mimi nimechagua kutembea, na nikifika Namugongo nimesinzia kiasi cha kutosikia Misa, sadaka yangu imekuwa ya nani? Kuvumilia kisichoepukika ni toba. Kukataa kuomba boksi dukani ni ukaidi tu.

Kinachostahili kukatazwa ni kulalamika mbele ya wenyeji. Jioni moja, tukiwa kati ya Iganga na Jinja, mwenzetu alipaza sauti kwamba hata mbuzi wa kwao hulala mahali pazuri kuliko pale. Alisema kwa Kiswahili akidhani hakuna atakayeelewa. Mama aliyekuwa akitugawia uji alikuwa ameishi Kisumu miaka mingi. Hakujibu kitu, aliendelea kumimina uji, akamjazia yule bwana kikombe hadi ukingoni, na sote tukatazama chini. Usiku ule ndipo tuligundua kwamba mikeka tuliyolalia ilitolewa katika nyumba za watu, na kwamba wenye mikeka wenyewe walilala bila. Kwa hiyo jifunze angalau kusema webale nnyabo kwa mwanamke na webale ssebo kwa mwanamume, neno la shukrani ambalo Waganda na Wasoga wote watakuelewa ukilitamka, na asubuhi shikeni ufagio bila kuombwa. Wanaokuja nyuma yenu watapokewa kulingana na mlivyoondoka ninyi.

Mkesha wa Namugongo wenyewe, usiku wa kuamkia sikukuu ya tarehe 3 Juni, ni jambo la peke yake, na ushauri wangu wa madarasani haufanyi kazi pale. Viwanja hujaa watu kutoka Tanzania, Kongo, Rwanda na kwingineko, na wengi hulala nje, juu ya nyasi zinazoteremka kuelekea kwenye ziwa dogo, katika kivuli cha basilika ile ya duara yenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Boksi hulowa kwa dakika tano. Beba kipande cha turubai chenye urefu wako, ukilalie nusu na kujifunika nusu, na utafute mahali palipoinuka kidogo, kwani maji ya mvua hufuata mteremko bila kuuliza nani amelala hapo. Mwaka 2023 nilikwenda na turubai moja tukalitumia watu watatu, mimi na yule mzee wa maboksi na mwanafunzi mmoja kutoka Bukoba ambaye hatukuwa tumeonana kabla. Mvua ilikuja saa tisa. Hatukulala, ila mgongo ulibaki mkavu, na kulipopambazuka mzee alituamuru tulikung'ute turubai pamoja, kila mmoja ameshika pembe yake.

Nyumbani nilipokewa getini. Mke wangu alikuwa bado hajausahau mwaka wa gesti, nilipoingiza begi chumbani na ikatulazimu kuchemsha kila shuka na kupiga pasi hadi mishono ya pazia. Alinipa kikombe cha chai nikiwa nimesimama nje, akanionyesha sufuria ya maji yanayochemka, na begi likabaki limetundikwa kwenye mti wa mwembe hadi Jumapili.