Ukitoka Dodoma kwenda kusomea bahari

Kila nikirudi nyumbani Dodoma, wadogo zangu wanaosoma PCB na CBG, michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na sita, huniuliza: mtu aliyekulia Kikuyu hapa mjini, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, aliwezaje kujifunza ubaharia na viumbe vya baharini ndani ya merikebu ya matanga? Nawajibu hapa wote kwa pamoja, maana natamani sana mwende.

Chombo chetu kilikuwa skuna, yaani merikebu ya matanga yenye milingoti miwili. Tulikaa humo wiki tatu, kutoka Unguja hadi Pemba, tukagusa Tanga na kurudi.

Jifunze kuogelea kabla hujaondoka. Mimi niliahirisha, nikazikosa siku mbili za kupiga mbizi kwenye matumbawe, na hadi leo naumia nikikumbuka. Tafuta bwawa la kuogelea hapo mjini na mtu wa kukufundisha. Bwawa la Mtera usijaribu, kuna viboko na mamba.

Nunua pia kamba ya mita nne ufanye mazoezi ya mafundo hadi mikono ifunge yenyewe gizani. Usiogope, jambo hili wafugaji tunalo. Kile kitanzi kisichokaza, unachomvisha ndama shingoni asijinyonge, ndicho nilichotumia kila siku kwenye skuna.

Kichefuchefu kitakupata. Baki juu kwenye hewa, tazama upeo wa bahari, kula vitu vikavu kidogo kidogo. Siku ya tatu wengi wetu tulikuwa wazima.

Linalotaka uvumilivu zaidi ni zamu. Tulipokezana kila baada ya saa nne, mchana na usiku, na mimi nilipangiwa ile ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Kila saa unaandika kwenye daftari la safari mwelekeo wa chombo, kasi, upepo, joto la maji na kanieneo ya hewa. Mwenzetu mmoja alisema yeye amefuata samaki, kazi ya kamba na daftari ni ya mabaharia. Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, mzee wa Makunduchi, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, usipojua chombo kilikuwa wapi ulipovuta wavu, hao wadudu wako utasema wametoka wapi?" Alikuwa na haki. Sampuli isiyo na mahali wala saa ni ya kumwaga.

Mimi niliyaamini maneno yake usiku mmoja mkondo wa Pemba, penye kina cha mamia ya mita. Mchana tulivuta wavu wa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, karibu na uso wa maji, tukapata vitu vichache tu. Saa saba usiku tukauvuta tena kwa muda uleule, na chupa ikajaa: viduvi jamii ya kamba, mabuu ya kaa, samaki wachanga wanaopitisha mwanga. Wengi wao hushinda kilindini kukimbia macho ya wanaowala, giza likiingia wanapanda kula. Bila saa kwenye daftari, chupa zile mbili zisingetueleza chochote.

Na methali utazielewa upya. Nilikariri shuleni kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, bila kujua joshi ni nini. Ni kukielekeza chombo karibu na kule upepo unakotoka, tanga limekazwa, wote mmeshika demani, kamba ya kuvutia tanga, mikono inawaka. Kazi hiyo inataka watu na nguvu, na mnyonge ana nini kati ya hivyo?

Jambo moja nakuomba ulibebe kutoka huku. Mbele ya Saadani, pwani ya bara, tulishusha sahani ya Secchi, sahani nyeupe ya kupimia maji yanapitisha mwanga kiasi gani. Karibu na Pemba tuliiona ikishuka hadi zaidi ya mita 20. Hapa ilipotea kabla ya mita 2. Mzee akauliza, "Tope lote hili la wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, jingine ni la kwetu." Mto Wami unaingia baharini pale, na Kinyasungwe unaotoka Dodoma huupelekea maji yake. Matumbawe yanataka mwanga na hayastahimili kufunikwa na udongo. Ukilima bila makinga maji upande wa Kongwa, sehemu ya shamba lako inaweza kufika huko. Mwanafunzi wa pwani husoma habari hiyo kitabuni. Wewe korongo unalijua kwa miguu.

Kwa masomo yenyewe, ulizia Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja. Kwa ubaharia, Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Kwa uvuvi, FETA, yaani Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kampasi ya Mbegani, Bagamoyo. Tangu SGR, reli ya kisasa, ifike Dodoma mwaka 2024, ukipanda treni ya asubuhi unaweza kuwa Dar mchana. Nenda pwani likizo hii, uchague siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa. Vaa viatu vigumu, uwe ufukweni saa moja kabla maji hayajaisha kupwa, na uwe na daftari la kuandika viumbe utakaowaona.