GPS ya mashua, nyota za redio, na gesi inayozimetesha

SWALI: Assalam aleikum, mhandisi. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Shela, Lamu. Kuna usiku GPS yangu hupoteza setilaiti baada ya magharibi, na mbingu ni safi, hakuna hata wingu. Fundi aliniambia ni mawimbi yanameta. Binti yangu wa kidato cha nne naye amesoma kwamba redio zinazotoka kwenye vitu vya mbali sana angani humeta pia, kwa ajili ya gesi iliyo baina ya nyota. Je, ni jambo moja? Na wataalamu wanajuaje kwamba si chanzo chenyewe kinachopanda na kushuka?

JIBU: Waaleikum salaam, Nahodha. Fundi kasema kweli, na binti kasema kweli. Kanuni ni moja, lakini gesi ni mbalimbali.

Wimbi la redio likipita penye elektroni huru, yaani chembe za umeme zilizojitenga na atomu, hupinda kidogo, na kadiri masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yalivyo ya chini ndivyo linavyopinda zaidi. Gesi ile ikiwa imekaa mabongemabonge, miale hukusanyika hapa na kutawanyika pale. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, simama kwenye maji ya magotini hapo hapo Shela, jua likiwa limepanda, utazame mchangani. Ile mistari ya mwanga inayocheza haitoki kwenye jua, jua limetulia. Ni viwimbi vya juu ndivyo vinavyokusanya mwanga. Antena ni sawa na chembe moja ya mchanga ule: mstari ukipita juu yake nguvu hupanda, ukiondoka hushuka.

Kuna sharti moja, nalo ndilo roho ya jambo lote: chanzo lazima kionekane kidogo. Kikiwa kipana, mistari hupandana na kufutana. Ndiyo maana Zuhura hutulia wakati nyota zilizo jirani yake zinametameta.

Sasa GPS yako. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 hivi juu, na antena yake kwako ni nukta tu, kwa hiyo sharti limetimia. Gesi inayohusika ni ionosfia, kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishatua sehemu ya chini ya tabaka hilo hufifia upesi, na gesi nyepesi hububujika kwenda juu ikitoboa ile nzito. Setilaiti ikikaa nyuma ya viputo hivyo, nguvu yake hucheza ndani ya sekunde moja au chini ya hapo, na mashine hushindwa kuifuata. Hali hiyo huzidi mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa tatu na wa nne, kisha tena mwezi wa tisa na wa kumi, hasa miaka ambayo jua limechangamka. Kwa kawaida hutulia baada ya usiku wa manane.

Wauza vifaa watakwambia ununue mashine ya masafa mawili. Hiyo husahihisha ucheleweshaji wa mawimbi, ila kumeta haiponyi. Yale masafa ya pili yako chini zaidi na huumia zaidi. Bora mashine inayopokea setilaiti za mataifa kadhaa kwa pamoja, kwa sababu viputo havifuniki mbingu yote. Na dira usiitupe.

Tabaka la pili ni upepo wa jua, yaani gesi inayotoka kwenye jua na kupita baina ya sayari. Mwaka 1964 Antony Hewish na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba gesi hiyo huvimetesha vyanzo vidogo vya redio. Wakajenga antena kubwa ya megahezi 81.5 kufuatilia jambo hilo tu. Mwaka 1967 mwanafunzi wake, Jocelyn Bell, akaona alama iliyocheza katikati ya usiku, upande ulio mbali na jua, ambako kumeta kwa aina hiyo kunatakiwa kuwe hafifu. Ilikuwa pulsa ya kwanza kugunduliwa: mzoga wa nyota unaozunguka na kutuma mpigo kila sekunde 1.337. Tuzo ya Nobel ya 1974 alipewa Hewish, Bell akaachwa. Mimi hilo halijanikalia vizuri hadi leo.

Pulsa ni ndogo mno, na ndizo zilizoonyesha tabaka la tatu, lile la binti yako. Gesi iliyo baina ya nyota ni nyembamba ajabu: kwa wastani elektroni moja katika kila sentimita 30 hivi za ujazo. Lakini njia ni ndefu, miaka ya nuru mamia na maelfu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo kidogo kidogo hujumlika. Hapa mistari haipiti kwa sekunde. Huchukua dakika, saa, hata siku.

Kwasa, yaani vitovu ving'aavyo vya galaksi za mbali sana, nyingi ni pana kupita kiasi cha kumeta. Chache zina kiini kidogo cha kutosha. Mojawapo ni PKS 1257-326, ambayo nguvu yake hubadilika ndani ya chini ya saa moja, na hapo ndipo swali lako la mwisho linapata jibu. Wataalamu waliitazama kwa wakati mmoja kutoka Australia na kutoka New Mexico, Marekani. Kama kwasa yenyewe ingekuwa inapanda na kushuka, badiliko lingefika pande zote mbili kwa tofauti ya chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu nuru huvuka upana wa dunia yetu kwa muda huo. Walipata tofauti ya takriban dakika 8. Hakuna wimbi la redio linalochelewa hivyo. Ulikuwa ni mchoro wa mistari unaoburuzwa juu ya dunia kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, ukaigusa darubini moja kisha nyingine.

Ushahidi wa pili ni kalenda. Dunia huzunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Sehemu ya mwaka huenda pamoja na gesi, na kumeta kukawa kwa polepole. Miezi mingine huenda kinyume chake, kukawa kwa haraka. Kwasa iliyo mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa haiwezi kujua sisi tuko mwezi gani.

Kumeta huku pia kumepima kitu ambacho kwa wakati ule hakikupimika kwa njia nyingine. Tarehe 8 Mei 1997 ulionekana angani mlipuko wa miale ya gama, yaani mwanga mkali kupita eksirei, na moto uliobaki ukaonekana kwa mawimbi ya redio. Wiki za mwanzo redio hiyo ilicheza sana. Baada ya mwezi hivi ikatulia, kwa sababu moto ule ulikuwa umetanuka ukavuka kile kipimo cha udogo. Hapo wakapata ukubwa wake, na kwamba ulikuwa unatanuka kwa kasi iliyokaribia ya nuru.

Binti hawezi kuiona kwasa kwa dishi la televisheni. Inahitaji darubini kubwa. Ionosfia anaiweza. Kituo cha anga cha Waitaliano pale Ngomeni, ambako mnapita mkitoka Malindi, kimekuwa na mashine za kudumu za kupokea GPS kwa kazi za kitaalamu, na yeye anaweza kuanza na yako. Mwezi wa tatu, kuanzia saa moja na nusu usiku, afungue ukurasa unaoonyesha nguvu ya kila setilaiti kwa desibeli. Aandike namba ya setilaiti, nguvu yake na upande wa mbingu iliko, kila dakika, hadi saa nne. Afanye hivyo mashua ikiwa imetia nanga, mlingoti usiikinge antena, la sivyo atapima mlingoti.