Wakala wa kibali Mwanza: mimi nilishapigwa, kaa nikusimulie

Mkuu, umesema umetoka Masaka, Uganda, umepata kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya samaki hapa Mwanza, bosi kakwambia "kibali jitafutie mwenyewe", na kuna jamaa wa Kirumba anataka nusu ya hela kwanza akutolee ndani ya wiki. Kabla hujampa hata mia, sikia yangu. Mimi ni Mkenya wa Homa Bay, fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha minofu, huu mwaka wa nne. Kiswahili changu kimeshakuwa cha huku, pasipoti ndiyo bado ya kwetu.

Bosi wako ama hajui ama anakukwepa. Kibali cha kazi huombwa kwa Kamishna wa Kazi, na mwombaji ni mwajiri. Yeye ndiye wa kueleza kwa nini nafasi hiyo imekosa Mtanzania, na nani atarithishwa ujuzi wako. Kibali cha ukaazi ni kingine, kinatoka Uhamiaji. Kwa mwajiriwa ni daraja B. Kwa hiyo wakala akikwambia "kibali" tu, muulize kipi. Akibabaika, lipia soda yako uondoke.

Wangu hakubabaika, tatizo ndilo hilo. Alikuwa na ofisi, printa, na ukutani picha yake akiwa na mtu mwenye sare. "Nina mtu wangu ndani," akasema. Enzi hizo maneno hayo yalinipa moyo. Siku hizi nikiyasikia nashika mfuko. Akaunti ya maombi ya mtandaoni akaifungua kwa barua pepe yake, nywila yake, namba yake ya simu. Nikaona ananirahisishia.

Siku ya kulipa akanirushia kumbukumbu namba ya malipo kwa WhatsApp, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Nikatulia, hela si inakwenda serikalini? Benki, dada wa dirishani akaiingiza, akanyamaza kidogo, akanigeuzia skrini.

"Kaka, unalipia nini hapa?"

"Kibali cha miaka miwili."

Akaweka ukucha kwenye mstari mmoja. Pasi ya muda mfupi. Ile ya siku 90! Na kiasi kilikuwa kidogo mno kuliko nilichotajiwa. Kilichobaki nilikuwa nimeshampa mkononi wiki iliyopita, eti "ya kuharakisha". Namba ilikuwa halali kabisa. Uongo ulikuwa kwenye kilichoombwa, nami ningekionea wapi wakati akaunti ni yake?

Hela ya mkononi ilienda. Pasipoti niliyokuwa nimemwachia niliipata baada ya kushinda barazani kwake siku nne, wateja wake wakiniangalia kama mdai wa vikoba.

Tangu hapo akaunti inafunguliwa kwa barua pepe yangu au ya mwajiri, wakala anajaza mimi nikiwa pembeni. Hela ya Serikali nalipa mwenyewe, nikishasoma bili inasema nini. Ujira wake ni kitu cha pembeni, na risiti iwe na jina la biashara. Pasipoti inatolewa kopi mbele yangu, inarudi mfukoni. Akijiita wakili, jina lake mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ni dakika mbili. Vishoka wengi hupenda kuitwa wakili, sijui kwa nini.

Ofisi nzuri nimeacha kuiangalia. Ninayemtumia sasa ni mama mmoja mwenye stesheneri Igoma, kikompyuta kimoja, feni haizunguki. Mara ya kwanza nilimpelekea shida ya mdogo wangu aliyetaka kunifuata. Akauliza anajua kazi gani. Nikasema anaendesha folklifti.

"Hiyo vijana wa hapahapa Igoma wanaiweza, baba. Kamishna hakubali. Usinipe hela yako."

Nikanunua bahasha mbili za kaki ili nisitoke mikono mitupu. Mwezi uliofuata nikarudi na mkataba wangu mwenyewe, akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, ndipo akanitajia bei.