Barua kwa Minza: kuhusu chakula cha pipani

Minza mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Unasema wenzako huko Berlin hufungua mapipa ya supamaketi usiku, wakatoa mikate, mtindi na mboga, na wewe umeshakwenda nao. Unaniuliza kama umetuaibisha.

Hujatuaibisha. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mapanki. Viwanda vya hapa Mwanza hukata minofu ya sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na kichwa na mifupa, ndiyo mapanki. Nilikuwa napanga foleni alfajiri na ndoo yangu, nanunua, nakaanga, nauza sokoni Kirumba. Nyama ya shavuni ni tamu kuliko mnofu wenyewe, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Kilichoniuma ni kuitwa muuza mabaki. Samaki ni yule yule.

Ila tulikula mapanki kwa sababu mnofu ulitushinda bei. Ninyi mnachagua. Usimwambie mama yeyote anayeuza samaki mwaloni kwamba ni jambo moja.

Sasa sikiliza. Mkate mkavu na tufaa lenye doa, chukua. Nyama na samaki wa pipani, acha, maana hujui vimekaa nje ya friji saa ngapi. Kopo lililovimba usilifungue. Wali uliolala kwenye joto usidhani moto utausafisha. Kuna sumu isiyokufa hata ukiuchemsha upya.

Na uliniandikia mwenyewe kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya huko iliacha hukumu ya wizi ya wanafunzi wawili isimame, kwa kutoa chakula kwenye pipa la duka, eti pipa lina mwenyewe. Wewe uko ugenini kwa viza. Usiruke ukuta wa mtu. Nenda saa ya kufunga, umwombe muuza mikate kwa mdomo wako. Kuomba hakukupunguzii kitu.

Juzi mvua ilitukuta dagaa wakiwa bado mchangani. Tulikimbia na maturubai, hatukuwahi. Magunia matatu yamekwenda kwa watengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Mwanangu, nililia. Dagaa wale walikuwa chakula cha watu.

Nijibu hili: mnachobeba usiku mmoja mnakimaliza? Kama kinabaki, jirani gani mnampelekea?

Mama yako,
Kirumba