Foksiglavu ya kudumu: kwa nini yako ilikufa baada ya kuchanua

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza. Mwaka juzi nilipanda foksiglavu (foxglove, mmea wa bustani wenye maua kama kengele) za rangi ya waridi ambazo lebo ilisema ni za kudumu. Mwaka jana zilichanua vizuri sana, kisha zikanyauka zote. Udongo wangu ni wa mfinyanzi. Nilikosea wapi, na nipande aina gani itakayorudi kila mwaka?

JIBU: Kwa maelezo yako, yaelekea ulipanda Digitalis purpurea, yaani foksiglavu ya kawaida. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yaliyojipanga duara chini. Baada ya kupitia baridi huchanua mwaka wa pili, hukomaza mbegu, kisha kwa kawaida hufa. Maji na mbolea havihusiki; huo ndio umri wake. Huonekana kama inadumu kwa sababu mbegu zake hujiotea zenyewe pale pale.

Nunua kwa jina la kisayansi, si kwa picha. Inayodumu kweli ni Digitalis grandiflora, yenye maua ya manjano hafifu na madoa ya kahawia ndani, kimo sm 60 hadi 90. Digitalis lutea nayo hudumu, ila maua yake ni membamba. Ukitaka rangi ya waridi, chukua Digitalis × mertonensis, chotara wa purpurea na grandiflora. Huyu anahitaji kugawanywa kila baada ya miaka 2 au 3, la sivyo huchoka na kufa. Fanya hivyo Machi au Aprili, majani mapya yanapochomoza: ng'oa shada zima kwa uma wa bustani, tenganisha vichipukizi vyenye mizizi yake, tupa sehemu ya katikati iliyokuwa ngumu kama kuni, panda upya kwa nafasi ya sm 40 na umwagilie.

Sasa mfinyanzi wako, maana hapo ndipo hata aina za kudumu hupotea. Baridi yenyewe haiziui. Huuawa na maji yanayotuama kwenye shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi. Usichimbe shimo dogo ukalijaza udongo mzuri, kwa sababu maji ya eneo zima yataingia humo na kukaa. Lima tuta zima kwa kina cha sm 30, tandaza mboji iliyoiva unene wa sm 5 hadi 8, uichanganye. Mchanga laini uuache kabisa: ukichanganyika na mfinyanzi hukaza. Panda shingo ikiwa juu kidogo ya usawa wa udongo, na matandazo yasiiguse. Kivuli cha nusu siku kinafaa. Penye jua kali utamwagilia mara nyingi zaidi.

Maua mengi ya shina yakishadondoka, kata shina hilo karibu na majani ya chini. Mmea unaoacha kulea mbegu hubakiza nguvu za mwaka ujao, na mara nyingi hutoa vishina vidogo vya pembeni. Ukitaka mbegu, bakiza shina moja. Zisie Mei au Juni juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia, kwani zinahitaji mwanga ili ziote. Kwenye nyuzijoto 15 hadi 20 huota kwa wiki 2 hadi 3. Usitarajie maua hadi mwaka unaofuata.

Majani yakinyauka ilhali udongo umelowa, chunguza shingo: ikiwa laini na nyeusi, imeoza, na kuongeza maji ni kuimaliza. Mabaka ya rangi hafifu juu ya jani, na ukungu wa kijivu chini yake, ni ugonjwa wa ubwiri. Ondoa majani hayo na umwagilie chini, si juu ya majani. Samadi nyingi pia huleta majani laini na mashina yanayolala.

Jambo moja nakusihi ulizingatie. Mmea wote ni sumu, hata ukipikwa au kukaushwa, kwa kuwa una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Majani machanga hufanana na ya mimea mingine inayoliwa, kwa hiyo usiupande karibu na mboga unazochuma. Vaa glavu unapoukata, na maji ya chombo cha maua uyamwage mbali na watoto. Mtu akiula, piga 999, namba ya dharura ya Uingereza, mara moja, hata kama bado hajatapika.